Sentimita Moja ya Juu: Namna ya Kuotesha Mbegu za Karoti

Mkulima anayepanda karoti kwa mara ya kwanza huilaumu mbegu. Ametengeneza tuta, amesia, amemwagilia kwa bidii siku nne au tano, kisha akaona udongo ungali mtupu, akapunguza maji, na baada ya wiki tatu akahesabu miche kumi na miwili kwenye tuta zima. Mara nyingi mbegu ilikuwa nzima. Kilichoiua ni kukauka kwa ile sentimita moja ya juu ya udongo mnamo siku ya saba au ya nane, wakati ambapo mzizi wa kwanza ulikuwa umekwisha kuchomoza.

Ucheleweshaji huo una sababu yake. Karoti ni wa ukoo mmoja na giligilani, shamari na bizari nyembamba, na ukizisugua mbegu zake kiganjani utasikia harufu iliyo karibu na ya viungo hivyo. Katika mbegu za ukoo huu kiinitete, yaani chanzo cha mche kilichomo ndani ya mbegu, ni kidogo mno, kimelala katikati ya akiba yake ya chakula, na hakina budi kukua kwanza humo ndani kabla ya kupasua ganda. Kiinitete cha haragwe, kwa upande wake, kimejaza mbegu nzima tangu siku ya kuvunwa, ndiyo maana haragwe halikawii. Mbegu ya karoti huchukua kama wiki moja kuota udongo ukiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, lakini katika nyuzi 10 huchukua siku 17 hivi. Kwa hiyo anayesia Lushoto au Njombe katika baridi ya Juni na Julai asishangae akisubiri wiki mbili na zaidi, ilhali mwenzake aliyesia palepale wakati wa joto alishaona miche siku ya kumi. Joto likizidi nalo ni tatizo: udongo ukipita nyuzi 35, mbegu nyingi hukataa kuota, na udongo mtupu wa pwani wakati wa jua la adhuhuri hufika huko bila taabu. (Wakulima wa Uingereza wana binamu ya karoti aitwaye pasinipu, mweupe na mkaidi kuliko huyu wetu, ambaye huweza kukaa ardhini mwezi mzima kabla ya kuonekana na ambaye mbegu zake hudhoofika ndani ya mwaka mmoja tu. Tushukuru kwa tulicho nacho.)

Mbegu za karoti zikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi hudumu miaka mitatu hivi. Angalia tarehe kwenye pakiti, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu pakiti iliyoanikwa juani mbele ya duka kwa miezi kadhaa huzeeka kabla ya tarehe yake. Niliwahi kununua pakiti ya namna hiyo, tarehe yake ikiwa nzuri kabisa, na katika mbegu 50 nilizojaribu zikaota 9. Jaribio lenyewe ni rahisi: hesabu mbegu 50, zitandaze juu ya kitambaa kibichi kwenye sahani, zifunike, na uweke mahali pasipo na jua wala baridi kali, ukihakikisha kitambaa hakikauki. Hesabu zilizoota siku ya 7, kisha tena siku ya 14. Zikiwa 35 au zaidi, panda kwa kiasi cha kawaida. Zikiwa chini ya 25, ni afadhali kununua nyingine kuliko kupoteza maji na nguvu.

Tuta la karoti hulainishwa kwa kina cha sentimita 30, likaondolewa mawe na madongoa, na samadi yake iwe imeoza kabisa, kwani samadi mbichi huifanya mizizi igawanyike kama miguu ya suruali. Linalohusu uotaji hasa ni uso wa tuta. Usawazishe kwa reki mpaka uwe tifutifu, umwagilie maji mengi, kisha ikiwezekana uuache wiki mbili ili magugu yaote kwanza, uyaparue juu juu bila kuchimba tena. Kazi hii wengi huiruka na baadaye hujuta, kwa sababu mche mchanga wa karoti hutoka na majani mawili membamba yanayofanana sana na nyasi, na ni wengi waliong'oa karoti zao wenyewe wakidhani wanapalilia.

Kuloweka mbegu usiku mmoja husaidia, mradi uzianike kivulini asubuhi mpaka zisishikane, uzisie siku hiyohiyo. Mbegu iliyokunywa maji lakini haijatoa mzizi hustahimili kukauka kidogo. Iliyotoa mzizi haistahimili.

Gramu moja huwa na mbegu zipatazo 800, na tuta la mita 10 kwa mita 1 linahitaji gramu 4 au 5 tu. Ili zisirundikane, changanya na kikombe cha mchanga mkavu. Chora mifereji ya kina kisichozidi sentimita 1, iachane sentimita 25 hivi, umimine maji ndani ya mfereji wenyewe kabla ya kusia, kisha ufukie kwa mboji iliyochekechwa au mchanga badala ya udongo wa mfinyanzi. Udongo wa mfinyanzi ukinyeshewa na kupigwa na jua hufanya ukoko kama wa chungu cha wali, na mche wa karoti hauna nguvu ya kuutoboa. Mimi hudondosha pia mbegu chache za figili katika kila mstari, kwa kuwa huchomoza mapema, huonyesha mstari ulipo na hupasua ukoko kwa niaba ya wenzake.

Kisha funika tuta kwa nyasi kavu zisizo na mbegu, au kwa gunia la katani lililolowanishwa. Matandazo haya ndiyo yanayolinda ile sentimita ya juu, na bila hayo utalazimika kumwagilia mara tatu au nne kwa siku wakati wa kiangazi. Ukiwa nayo, asubuhi na jioni hutosha, kwa keni yenye matundu madogo, kwa sababu mkondo wa ndoo huzihamisha mbegu zote hadi pembeni mwa tuta. Usipunguze maji eti kwa kuwa huoni kitu. Siku za hatari zaidi ni zile za kati, kuanzia ya sita hadi miche itokeze.

Kuanzia siku ya sita funua pembe moja kila asubuhi na uchungulie. Ukiona vichwa vya kijani vya kwanza, ondoa matandazo yote jioni ile ile, kwani miche ikikaa gizani siku mbili tu hurefuka, hupauka na kulala. Baada ya hapo mwagilia asubuhi pekee ili uso wa tuta uwe mkavu usiku, maana unyevu wa kupita kiasi sasa huleta kinyausi, ugonjwa ambao huikata miche usawa wa ardhi. Miche ikifikia kimo cha kidole, ing'olee ibaki na nafasi ya sentimita 5 hadi 8, ukiwa umelowesha tuta kwanza. Unayoing'oa usiihamishie penye mapengo, kwa kuwa mzizi uliokwisha kukunjwa hutoa karoti iliyopinda. Penye mapengo sia upya.