Kupima mvutano wa dunia kwa uzi na nati

Muulize mwanafunzi wa sekondari kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa kiasi gani, atakujibu "kumi" papo hapo. Kumi ni ya kurahisisha hesabu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, usawa wa bahari, na hapa ni mita 9.78 kwa sekunde, kila sekunde. Darasa laweza kuipata namba hiyo lenyewe kwa uzi, nati na saa ya simu.

Chukua nati nzito ya gari na uzi usionyumbuka. Usitumie mshipi wa kuvulia; nailoni huvutika. Ukiufunga uzi kwenye msumari, fundo litateleza na urefu utabadilika, kwa hiyo ubane katikati ya vipande viwili vya mbao. Nati ikishaning'inia, pima kutoka ukingo wa chini wa mbao hadi katikati ya tundu la nati, si hadi kwenye fundo. Irekebishe iwe mita 1 kamili. Kosa la sentimita moja tu hapa hulisogeza jibu kwa 0.1.

Zima pangaboi, hata kama ni joto la Machi na darasa zima linanung'unika. Upepo wake huipeperusha nati pembeni ianze kuzunguka.

Vuta nati sentimita 10 tu, kisha uiachie bila kuisukuma. Chora mstari wa chaki chini yake, pale inapopita kwa kasi zaidi, na uhesabu kila inapoupita ikielekea upande uleule, hadi mibembeo 50 (mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi). Mpito wa kwanza ni sufuri! Hapa ndipo makundi mengi huharibu: ukianza na "moja", utakuwa umepima mibembeo 49 ukidhani ni 50, na jibu litatoka 10.18.

Kwa nini 50, na si 10? Kidole hukosea saa kwa takriban sekunde 0.2. Kwa mibembeo 10, tofauti kati ya 9.78 na 10 ni sekunde 0.2 tu, kwa hiyo humezwa na kosa la kidole. Kwa mibembeo 50, ni sekunde 100.5 dhidi ya 99.3, na hapo kidole hakiwezi kuificha.

Gawa muda kwa 50, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawa 39.48 (yaani 4π², kwa uzi wa mita 1) kwa ulichopata.

Kundi likileta 9.4, usilifutie. Waambie warudie mbele yako uone walivuta nati umbali gani. Wakiivuta hadi pembe ya nyuzi 30, jibu hushuka hadi karibu 9.45, na wakiligundua kosa hilo wenyewe wamejifunza zaidi ya waliopatia mara ya kwanza.

Sasa fupisha uzi uwe sentimita 25, ila kwanza kila mmoja aandike utabiri wake daftarini. Wengi wataandika kwamba muda utakuwa robo. Mibembeo 50 itachukua sekunde 50.2.