Kumpandisha Mlipa Kisasi Kizimbani

Mwandishi wa Mwanza anayetaka kuiongezea Hamlet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwana wa mfalme anayelipa kisasi cha baba yake, hitimisho la mahakamani aanze kwa kuketi asubuhi moja katika Mahakama Kuu jijini, atazame jinsi shahidi anavyoisubiri kalamu ya jaji isimame kabla ya kuendelea. Akirudi ufukweni na daftari lake, abadilishe jambo moja tu la hadithi: Hamlet amepona sumu inayomuua mwishoni mwa tamthilia, na ameshtakiwa kwa kumuua Claudius, ami yake aliyemuua mfalme, baba yake Hamlet.

Shahidi wa utetezi awe Horatio, rafiki wa Hamlet, na hapa mwandishi asiharakishe, kwa sababu Horatio aliuona mzuka wa mfalme kwa macho yake, lakini tuhuma ya mauaji dhidi ya Claudius mzuka uliitoa kwa Hamlet peke yake, ilhali sheria yetu ya ushahidi humtaka shahidi aeleze alichokisikia mwenyewe. Wakili wa Serikali aulize, "Wewe ulisikia nini?" Horatio ashike ukingo wa kizimba, anyamaze.

Utetezi wa kukasirishwa ghafla huweza kushusha kosa la mauaji kuwa kuua bila kukusudia. Kisasi kilichopangwa hakina nafuu hiyo, na jaji aliseme hilo waziwazi katika hukumu.