Feni inazunguka, moto hauwaki

Hita ya gesi ya gari-nyumba la zamani ikipuliza hewa baridi tu, usikimbilie kununua bodi mpya ya saketi inayoiongoza. Anza na betri. Ikishuka chini ya volti 11 hivi, feni huzunguka kivivu, na ile swichi ndogo inayosukumwa na upepo haiunganishi umeme. Swichi isipounganisha, vali ya gesi haifunguki. Betri ikiwa nzima, funga mtungi, chomoa fyuzi, kisha kagua swichi yenyewe: mara nyingi imekwamishwa na vumbi au manyoya ya mbwa. Chungulia na tundu la moshi nje, maana nyigu hupenda kujenga humo. Ila usiiruke swichi hiyo kwa kuunganisha nyaya zake moja kwa moja, hata kwa usiku mmoja.