Konokono wakijaa bwawani, usikimbilie mrututu

Mfugaji akiona konokono wamebandikana kwenye kingo za bwawa la perege, mara nyingi ushauri wa kwanza anaoupata kwa majirani ni kumwaga mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Usithubutu samaki wakiwa ndani. Mrututu huua konokono kweli, lakini unaua na samaki pia, hasa pale ambapo maji hayana chokaa ya kutosha. Na hata ukibahatisha kipimo, konokono wengi wakifa kwa mkupuo wataoza na kumaliza hewa majini. Alfajiri utakuta perege wanahemea juu.

Konokono wengi ni dalili ya chakula kilichozidi: pumba iliyotuama chini, samadi ya kupitiliza, majani yanayoinamia majini. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika 15 hadi 20, basi. Kisha fyeka kingo na uchimbe hata pembeni kina kisipungue sentimita 60, maana magugu hupenda pale penye maji machache. Konokono wengi wa maji baridi wanaosumbua mabwawani wana jinsia zote mbili, na wengine hutaga bila hata mwenza. Mayai yao hunata chini ya majani yakiwa ndani ya utelezi. Kwa hiyo magugu uliyong'oa yapeleke mbali yakakauke juani. Ukiyarundika ukingoni, mvua itayarudisha.

Waliobaki watege. Funga majani ya kabichi kwenye jiwe, yazamishe jioni, uyatoe asubuhi na konokono waliojishika. Vaa glavu ndefu na mabuti. Bata nao husaidia sana pembeni, ila kwenye kina hawafiki. Kambale wakubwa hula konokono na pia vifaranga vya perege; kwenye bwawa la madume na majike waliochanganyika hiyo ni nafuu, kwa sababu wanapunguza msongamano. Kamongo ni bingwa wa konokono, lakini mimi simshauri mtu kumweka: atakula na samaki wako.

Dawa ya kweli ni baada ya kuvuna. Toa maji yote, ondoa tope la juu, kisha mwaga chokaa isiyozimwa (iliyochomwa lakini haijatiwa maji) kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, sakafu ikiwa bado na unyevu. Kukausha peke yake hakutoshi, kwani baadhi ya konokono hujifukia topeni wakasubiri maji yarudi. Chokaa hii huunguza ngozi na macho, jikinge. Kaa kama wiki mbili kabla ya kupandikiza tena.

Kuna sababu kubwa kuliko usafi wa bwawa. Baadhi ya konokono hawa hubeba vimelea vya kichocho, cha mkojo na cha tumbo. Konokono hazaliwi na ugonjwa. Anaupata pale mkojo au kinyesi cha mtu mwenye kichocho kinapofika majini, halafu yeye huachia viluwiluwi wadogo wasioonekana ambao hupenya ngozi ya anayeingia. Kwa hiyo choo kiwe mbali na bwawa, upande wa chini wa mteremko, watoto wasiogelee humo, na anayevuta nyavu mara kwa mara aende kituo cha afya akapimwe hata kama hajaona damu kwenye mkojo. Maji ya kunawa au kufulia yakichotwa na kuachwa kwenye pipa siku mbili, bila konokono ndani, viluwiluwi hao hufa.

Konokono wageni wengi huingia na vifaranga. Usimwagie bwawani maji ya mfuko waliosafirishiwa. Vifaranga wahamishe kwa kichujio. Wavu wa kuazima uanike juani mpaka ukauke kabisa kabla haujagusa maji yako, na mdomo wa bomba la kuingizia maji ufunge chandarua chenye matundu madogo.