Namna ya kubishania mechi ya mtoano ambayo bado haijapangwa

Kila mwaka ikifika Machi, NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikiwa imebakiza wiki chache, ubishi wa nani atakutana na nani kwenye mtoano huanza rasmi kazini kwetu. Mimi nakaa mapokezi ya hoteli zamu ya usiku hapa Dar es Salaam, na zamu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe shabiki wa New York Knicks mwenye ushahidi mkononi. Mechi ya masika inayoanza saa moja na nusu jioni kule New York, kwetu ni saa nane na nusu usiku, na muda huo wageni wote wamelala. Asubuhi ananifuata dereva wangu wa bajaji, shabiki wa Boston Celtics asiyesikia la mtu, na njia nzima kutoka Masaki hatuna habari nyingine.

Nazungumzia ubishi wa kabla, wakati jozi yenyewe bado ni ya kufikirika. Ubishi wa baada ya mechi hauhitaji maarifa, unahitaji sauti tu. Huu wa kabla una utaratibu wake, na ukiufuata, hata shabiki mwenye tambo nyingi utamfikisha mahali aseme, "Haya, tuone."

Anza na karatasi

Kabla ya kusema nani atamfunga nani, thibitisha kwamba wanaweza kukutana. Ubishi mwingi unafia hapa, na ni haki yake ufe. Mtu anatangaza Lakers na Celtics watakutana raundi ya pili! Hawawezi. Lakers wako Kanda ya Magharibi na Celtics wako Mashariki, kwa hiyo kwenye mtoano mahali pekee pa kuonana ni fainali. Wameshaonana huko mara 12: Celtics wakachukua 9, Lakers 3.

Chukua karatasi uchore. Kila kanda ina timu 15. Sita za juu zinaingia moja kwa moja, na zinazoshika nafasi ya 7 hadi 10 zinagombea nafasi mbili zilizobaki kwenye mchujo mdogo wa Play-In. Wa 7 anacheza na wa 8, mshindi anakuwa wa 7. Aliyeshindwa anapewa nafasi nyingine, anacheza na mshindi wa mechi ya wa 9 na wa 10, na atakayepona anakuwa wa 8. Baada ya hapo andika upande mmoja wa karatasi 1 na 8, chini yake 4 na 5. Upande wa pili andika 2 na 7, chini yake 3 na 6. Mpango huo haubadiliki. Hata wa 8 akimtoa wa 1, anarithi njia yake ile ile, na raundi inayofuata anakutana na mshindi kati ya 4 na 5. Kuna ligi ambazo hupanga upya kila raundi, lakini NBA siyo mojawapo.

Faida ya karatasi ni kwamba inakuonyesha jozi ambazo macho hayazioni kwenye msimamo. Mwaka 2023 Golden State Warriors walimaliza wa 6 na Lakers wakaingia wa 7 baada ya kupitia Play-In. Ukiangalia msimamo juu juu utasema hao wako nyuma, kila mmoja atapigwa na wakubwa na hawataonana. Karatasi ilisema wapo upande mmoja. Lakers wakawatoa Memphis Grizzlies waliokuwa wa 2, Warriors wakawatoa Sacramento Kings waliokuwa wa 3, na raundi ya pili tukapata LeBron James wa Lakers dhidi ya Stephen Curry wa Warriors. Lakers walishinda 4-2, maana kila raundi ni mfululizo wa mechi hadi saba na wa kwanza kufikisha ushindi nne ndiye anayepita.

Zikibaki wiki mbili, angalia pia timu zilizolingana ushindi. Kwa timu mbili, kinachotazamwa kwanza ni matokeo ya mechi walizocheza zenyewe kwa zenyewe, halafu kama mojawapo imeongoza divisheni yake, yaani kundi lake dogo la timu tano ndani ya kanda. Mtu asiyejua hilo atakubishia nafasi ya 3 na ya 4 asubuhi nzima. Muulize tu: "Kaka, walipokutana nani alishinda?"

Ile 4-0 ya msimu wa kawaida

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Knicks na Celtics ni watani wa jadi wa divisheni moja, ya Atlantic, na kila msimu wanakutana mara nne. Msimu wa 2024/25 Celtics walishinda zote nne. Ya kwanza, usiku wa ufunguzi, walipiga 132-109 na kutumbukiza mitupo 29 ya pointi tatu, wakaifikia rekodi ya ligi. Februari wakapiga tena mara mbili, 131-104 na 118-105. Aprili, New York, ikaenda muda wa nyongeza, Celtics 119-117. Walimaliza msimu na ushindi 61, Knicks 51. Wa 2 na wa 3. Karatasi ikasema raundi ya pili, na dereva wangu akaanza kunipa pole kabla mtoano haujaanza.

"Dada, nne kwa sifuri. Unataka nini tena?"

Ukikutana na hoja ya namna hiyo, usiikatae. Ifungue. Uliza maswali matatu: nani hakuwepo, tofauti ya pointi ilikuwa inakwenda wapi, na ushindi ulitoka kwenye kitu gani.

Nani hakuwepo: Mitchell Robinson, yule mrefu wa Knicks anayeishi kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, na kuzuia mitupo, alikuwa majeruhi wa kifundo cha mguu hadi mwisho wa Februari. Kwa hiyo mechi tatu za kwanza kati ya zile nne hakugusa mpira. Tofauti ya pointi: 23, 27, 13, halafu 2, na hiyo 2 ni ya muda wa nyongeza. Sikusema Knicks wamekuwa bora kuliko Celtics. Nilisema pengo linafungwa, na aliyebeba 4-0 kama ngao ajue imeanza kutoboka.

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Celtics wa msimu ule walijaribu mitupo ya pointi tatu zaidi ya 48 kwa mechi, kiasi ambacho ligi haikuwahi kuona. Timu ya hivyo ikiwa na siku njema inakumaliza kabla ya mapumziko. Ikiwa na siku mbaya, inabaki na nini? Hilo ndilo swali la kumwachia mtu aende nalo.

Jibu likaja Mei. Mechi ya kwanza, Boston, Celtics waliongoza kwa pointi 20. Wakatupa mitupo 60 ya pointi tatu na kukosa 45, rekodi ya mtoano, na Knicks wakashinda 108-105 kwenye muda wa nyongeza. Ya pili, Boston tena, Celtics wakaongoza tena kwa 20. Sekunde za mwisho Knicks wako mbele 91-90, Jayson Tatum wa Celtics anashuka na mpira kuelekea mstari wa mwisho wa uwanja, watu wanambana, anatafuta wa kumpa, na Mikal Bridges wa Knicks anaupokonya. Mechi ya kwanza pia ilimalizwa na mkono wa huyo huyo Bridges, akiupokonya mpira mikononi mwa Jaylen Brown wa Celtics. Nilikuwa nimeshika mdomo kwa viganja viwili ili nisiamshe ghorofa ya kwanza. Katika mechi hizo mbili Celtics walitupa mitupo ya pointi tatu 100 kamili, wakaingiza 25.

Dereva alisema ni bahati. Sehemu kubwa ni bahati kweli, na usimbishie mtu kwenye ukweli wake. Lakini timu iliyochagua kuishi kwa mitupo ya mbali imechagua pia siku za ukame, na kwenye mfululizo wa mechi saba siku mbili za ukame mfululizo ni deni zito.

Sasa usije ukachukua mfano huo ukadhani rekodi ya msimu haina maana kabisa. Mwaka 2007 Dallas Mavericks walishinda mechi 67 na Dirk Nowitzki akawa mchezaji bora wa ligi. Wa 8 walikuwa Warriors, ushindi 42. Ila Warriors walikuwa wamewapiga Dallas mechi zote tatu za msimu, na kocha wao, Don Nelson, ndiye aliyekuwa amewafundisha Dallas miaka iliyotangulia, akimjua Nowitzki tangu ujana wake. Warriors wakawatoa 4-2. Pale rekodi ilikuwa inapiga kelele na watu wakaziba masikio. Tofauti ya mifano hii miwili ni sababu: Nelson alikuwa na sababu ambayo ungeweza kuieleza kwa sentensi moja, na isingeyeyuka Aprili ikifika.

Na wakitokea wanaobishania Mashariki na Magharibi, wakumbushe kwamba timu za kanda tofauti hukutana mara mbili tu kwa msimu. Mechi mbili hazitoshi kujenga hoja.

Nani anamkaba nani

Ukishamaliza rekodi, shuka uwanjani. Kubishana kwa majina ya nyota, "sisi tuna fulani, nyie mna fulani", ni ubishi wa watoto wa shule. Andika watano wa kila timu, kisha chora mistari ya ukabaji.

Kwa Knicks wa 2025, mstari wa kwanza ulikuwa wa kushangaza. Ungetegemea mrefu wa upinzani amkabe mrefu wa Knicks, Karl-Anthony Towns. Timu nyingi zikafanya kinyume: zikampa Towns mkabaji mfupi mwenye nguvu, na mrefu wao zikamweka kwa mwenzake Josh Hart, kwa sababu Hart si mtu wa kuogopwa akiwa mbali na kikapu. Hivyo mrefu anabaki karibu na ringi kulinda. Celtics walikuwa na Jrue Holiday wa kumkaba Towns. Swali la kubishania basi ni hili: je, Hart ataweza kuwaadhibu kwa kumwacha wazi? Upande wa pili Celtics walikuwa wanamtafuta Jalen Brunson, nyota wa Knicks aliye mdogo wa umbo, wamlazimishe abadilishane mtu mpaka abaki na Tatum au Brown. Kila shabiki wa Knicks aliyekwepa swali la Brunson kwenye ulinzi alikuwa anapiga mikwara tu.

Kisha uliza nani atashindwa kubaki uwanjani. Robinson ana udhaifu mkubwa kwenye mitupo ya adhabu, na Celtics walimchezea rafu kwa makusudi ili aende kwenye mstari. Hilo lilijulikana mapema, na mtu makini angelitaja Machi. Mpishi wetu, ambaye hashabikii timu yoyote na ndiyo maana huwa tunampa uamuzi, alilitaja.

Vya kupita haraka

Uwanja wa nyumbani upe uzito mdogo. Mwenye nafasi ya juu anaanza na mechi mbili kwake, mbili ugenini, kisha moja moja. Kwa Denver, iliyo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mgeni anakosa pumzi na hoja ni halali. Kati ya New York na Boston ni safari fupi, na tuliona Celtics wakipoteza mbili za kwanza kwao.

Makombe ya zamani yaache. Celtics wana 18. Knicks walichukua 1970 na 1973. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomkaba Brunson.

Historia inayofaa kuwekwa mfukoni ni ya wadogo waliowahi kupindua meza, kwa ajili ya yule anayesema wa 8 hawezi kitu. Wa kwanza kumtoa wa 1 walikuwa Denver Nuggets mwaka 1994, dhidi ya Seattle SuperSonics, katika raundi ya mechi tano, wakitokea nyuma 2-0. Aliyelala sakafuni mwishoni ameukumbatia mpira alikuwa Dikembe Mutombo wa Denver, mtoto wa Kinshasa. Ukimtaja huyo kwenye kijiwe cha Waafrika, ubishi unatulia kwa dakika nzima.

Funga makubaliano

Usikubali utabiri wa "tutawapiga". Kila mmoja aseme vitu vitatu, viandikwe kwenye simu na vitumwe kwa mwenzake: nani anashinda, kwa mechi ngapi, na kwa sababu gani moja. Dereva wangu aliandika Celtics katika mechi tano, sababu pointi tatu. Mimi niliandika Knicks katika mechi saba, sababu Robinson. Dau lenu liwe dogo, sisi ni supu na chapati mbili. Likiwa kubwa watu wanaacha kusema wanachokifikiria na kuanza kulinda pesa.

Kubalianeni mapema pia kuhusu majeruhi, maana hapo ndipo undugu unapovunjika. Mechi ya nne mwaka ule, zikibaki dakika chache, Tatum alianguka na kano ya kisigino imekatika. Knicks walikuwa tayari wanaongoza, wakashinda 121-113 na kuwa 3-1. Celtics bila yeye wakashinda ya tano 127-102, kisha Knicks wakamaliza ya sita 119-81. Je, dau linahesabika? Kanuni yetu iliandikwa kabla: nyota akiumia wakati mfululizo uko sare au timu yake inaongoza, dau linafutwa, na akiumia timu yake ikiwa nyuma, linabaki. Celtics walikuwa nyuma 2-1. Dereva alisoma ujumbe wake mwenyewe mara mbili, akawasha bajaji, na hakunyoosha njia ya kwetu. Alikata kona kwenda kwa muuza supu.