Pima nyumba yako kwanza, kabla hujanunua kitu cha kupunguza umeme

Bili ikipanda watu wengi wanakimbilia dukani, mara taa mpya mara kiyoyozi kipya, alafu mwezi unaofuata bili iko palepale kwa sababu hawakujua umeme unaishia wapi. Naomba usinunue kitu kwanza. Chukua kalamu na daftari nenda kwenye mita.

Usiku watu wote wakiwa wanaingia kulala andika namba ya mita, asubuhi kabla mtu hajagusa swichi yoyote andika tena (kama mita yako ni ya kulipia kabla, soma yuniti zilizobaki, hesabu ni ileile). Tuseme kwa masaa 8 zimeenda yuniti 2.4, gawa kwa 8 unapata 0.3, na kwa kuwa yuniti 1 ni wati 1,000 zikiliwa saa moja, hapo wati 300 zinaliwa muda wote na nyumba nzima imelala. Friji la kawaida ukichukua wastani wake, maana linawaka na kujizima, mara nyingi halifiki hata 100. Sasa hizo nyingine zinaenda wapi? Ukiziacha hizo 300 ziendelee mwaka mzima ni zaidi ya yuniti 2,600.

Mimi kwangu niliamka saa nane usiku nikazunguka gizani nikisikiliza, nikasikia hita ya maji inavuma na hakuna mtu aliyeoga tangu jioni. Kumbe bomba la maji ya moto la jikoni linadondosha, nikaweka kidole chini ya tone nikakuta lina moto kabisa. Kila tone likitoka, maji baridi yanaingia kwenye tanki na hita inabidi iwake tena. Tatizo lilikuwa washa, yaani kile kiduara cha mpira ndani ya bomba, ndogo kuliko kucha, imechoka. Nilibadilisha mwenyewe kwa dakika 10 na usiku uliofuata mita ilionyesha tofauti.

Ukishamaliza ya usiku ipe nyumba alama. Jumlisha yuniti za miezi 12, ongeza gesi (kilo 1 ya gesi ya mtungi ni kama yuniti 13), alafu gawa kwa ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba. Nyumba ya mita 80 inayokula yuniti 2,400 inapata 30. Usiilinganishe na ya mtu mwingine ambaye hali yenu ya hewa na idadi ya watu ni tofauti, ilinganishe na ya kwako mwaka jana. Wapo wanaotoa alama rasmi, Uingereza wana herufi A mpaka G, Marekani kuna kipimo cha HERS ambapo 100 ni nyumba iliyojengwa kwa viwango vya mwaka 2006 na kadiri namba inavyoshuka ndo nyumba inakula kidogo, ila alama hizo zinaisema nyumba yenyewe, mita inawasema na nyinyi mnaoishi humo.

Kama unatumia kiyoyozi au hita ya chumba, hapo ndo penye kazi kubwa, kwa sababu hewa uliyoilipia inatoroka. Subiri siku ya upepo, funga madirisha na milango, washa udi alafu upitishe taratibu pembeni ya fremu, chini ya mlango, kwenye tundu za nyaya na pale dari inapokutana na ukuta. Moshi ukiyumba kuna upenyo, weka alama na chaki uje uzibe kwa silikoni au mpira wa mlango. Ila nisikilize hapa vizuri, kama ndani mnachoma gesi, mkaa au kuni usizibe njia za hewa za chumba hicho, ile monoksidi ya kaboni haina harufu na inaua watu usingizini.

Joto la jua nalo linaingia kwa paa na vioo. Pazia la ndani linasaidia kiasi tu maana jua likishapita kioo joto limeshaingia, kivuli cha nje ndo dawa, iwe mti, kibaraza au turubai juu ya dirisha. Kwenye paa weka insulesheni (tabaka la kuzuia joto) juu ya dari, na hakikisha inafika mpaka kwenye kona, maana mafundi wengi wanaishia katikati pale wanaposimama vizuri.

Friji: bana karatasi kwenye mlango alafu ivute, ikitoka kirahisi mpira umelegea. Liache lipumue nyuma, na nyuzi joto 4 zinatosha. Hita ya maji iweke 60, usishushe chini ya hapo kwenye tanki maana kuna bakteria wanaopenda maji ya vuguvugu.

Taa ziko mwisho kwangu, ingawa kama bado una balbu ya wati 60 inayowaka masaa 5 kwa siku hiyo ni karibu yuniti 110 kwa mwaka, wakati LED ya wati 9 ni kama 16, so hiyo badilisha tu leo.

Rekebisha kitu kimoja, alafu rudia kipimo cha usiku mara tatu kabla hujagusa kingine, ukifanya vyote siku moja hutajua kipi kilisaidia. Andika tarehe pembeni ya kila namba.