Ukienda kukaa na wanawake kijijini: maelekezo kwa wauguzi wangu wa fildi

Usipange kikao cha wanawake saa nne asubuhi ukiwa Rungwe. Saa hiyo mwenye chai yuko shambani anachuma, mwenye ndizi kashashuka sokoni Kiwira, na utakaowakuta ni mabibi wanaolea wajukuu. Utawafundisha hao, utajaza fomu ya mahudhurio, na yule uliyemfuata hatajua kama ulifika.

Wanangu, mimi nafundisha uuguzi wa afya ya jamii hapa Mbeya, lakini nilianza kama mkunga wa wodi ya wazazi, na bado kila kitu nakipima kwa mama anayefikishwa wodini akiwa amechelewa. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa kuchelewa huko mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mkunga wa wodini ana mamlaka juu ya kule kwa tatu tu. Kuwili kwa mwanzo kuko nyumbani, kwenye mfuko wa mume, kwenye kauli ya mama mkwe na kwenye barabara ya matope ya mwezi wa nne. Ndiyo maana nilitoka wodini, na ndiyo maana nawatuma huko.

Kabla ya kikao

Barua ya utambulisho inapita kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Hilo mnalijua. Wengi humsahau mwenyekiti wa kitongoji, na yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina mjamzito na nyumba ipi ina msiba wiki hiyo.

Pitia zahanati kwanza. Muulize muuguzi wa pale: siku za kliniki ni zipi, vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu, vipo, uchunguzi wa mlango wa kizazi unafanyika hapo au mama aende wapi, na mama asiye na mwenza anapokelewaje hudhurio la kwanza. Hili la mwisho liulize kwa makini. Uvumi kwamba utarudishwa ukija bila mume huwafanya wengine wakae nyumbani mpaka tumbo la miezi sita. Ukipata jibu la wazi kutoka kwa muuguzi wa pale, lipeleke kikaoni kama lilivyo, na kama anaweza kuja alitamke mwenyewe, bora zaidi. Wewe utaondoka, yeye atabaki.

Kuhusu siku, tafuta siku ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa fedha. Wanawake wamekwisha jipangia muda wao, mume amezoea, na hakuna anayeuliza wanakwenda wapi. Muombe mwenyekiti wa kikundi nusu saa kabla sanduku halijafunguliwa. Likishafunguliwa, akili zote ziko kwenye hisa na marejesho, hata ukileta habari ya dawa ya kutozeeka.

Ila VICOBA ina wenye hisa. Muuza pombe wa kilabuni hayumo, binti aliyeacha shule kwa mimba hayumo, mke mdogo aliyehamia juzi hayumo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anawafahamu wote. Mpeni jioni moja awatembeze nyumba kwa nyumba. Mimi nikilazimika kuchagua kati ya kikao kikubwa na nyumba hizo chache, nachagua nyumba.

Mahali pasiwe ofisi ya kijiji. Pale nje pana benchi, na kwenye benchi pana wanaume wenye masikio. Chini ya mti ni pazuri, isipokuwa Juni na Julai, ukungu unapokaa mpaka mchana. Hapo omba chumba. Vua koti jeupe. Wakiketi kwenye mkeka, keti kwenye mkeka, hata kama mwenyekiti amekuletea kiti. Shikamoo kwa wakubwa kwanza, kisha "mugonile" ukiwa Rungwe, "kamwene" ukiwa kwa Wahehe na Wabena. Matamshi yako yatawachekesha, na si vibaya.

Punje za mahindi

Usianze na somo. Usianze pia na "nani ana swali?", maana anayejibu hapo ni yule yule mama mwenye sauti, na wengine watamuachia.

Chukua makopo mawili yenye vifuniko vilivyotobolewa, uyafunike kwa kitenge. Kila mama mpe punje moja ya hindi na harage moja. Hindi ni ndiyo, harage ni hapana. Jibu lake anatumbukiza kopo la kwanza, punje iliyobaki anatupa kopo la pili, ili asibaki na kitu mkononi cha kumsaliti. Kisha uliza jambo moja tu kwa mzunguko: Mara ya mwisho ulipotaka kwenda kliniki, ulipata nauli siku ile ile? Je, kuna mtu aliyekukataza kwenda? Mwaga kopo la kwanza mbele yao, mhesabu pamoja. Wakiona maharage yamejaa kwenye swali la nauli, mazungumzo yanaanza yenyewe na wewe unanyamaza kidogo.

Swali la kupigwa usiliweke kwenye makopo wala usiliulize kwenye mkeka. Akikufuata mtu pembeni baadaye, msikilize, usimuulize mbele ya shoga yake, na ujue kabla ya siku hiyo dawati la jinsia la polisi lililo karibu liko wapi na kituo gani cha afya kinatibu na kujaza fomu ya polisi, PF3.

Mambo ya kuzungumza

Chagua mawili, yale yaliyotoka kwenye makopo. Nitaeleza yanayotokea zaidi huku kwetu.

La kwanza ni damu na chai. Rungwe, Mufindi, Lupembe, chai ni shamba, ni mshahara, na ni kinywaji cha kushushia kila kitu, vidonge vya fefo vikiwemo. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Usimwambie mchuma chai aache chai. Atakuona huna akili. Mwambie vidonge anywe kwa maji, na kikombe kisogee, saa moja au mbili mbali na chakula na vidonge. Mnafu, majani ya maboga na maharage anavyo tayari; aongeze limao, chungwa au pera kwenye mlo huo huo, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kiingie. Hapo hapo uliza habari za pemba, ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Watacheka, kisha watakubali. Hamu kali ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, hivyo anayetafuna sana apimwe damu, asigombezwe.

Mtu atakuuliza kwa nini mkoa wenye mahindi, viazi na maziwa una watoto waliodumaa. Ni swali la haki: utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwakuta Iringa watoto kama 57 katika kila 100 wamedumaa, Njombe 50, wakati taifa zima ni 30. Kabla ya kutaja lishe, waombe wakuchoree siku yao tangu kuamka. Mara nyingi utaona mtoto wa miezi minane analishwa uji mwepesi na dada yake wa miaka saba mpaka mama arudi jioni. Ukilianzia somo kwenye makundi ya vyakula, hilo hutaligusa.

La pili ni jiko la mkaa chumbani. Nalisema kwa ukali na sitaomba radhi. Baridi ya Makete na Njombe inajulikana, na mama aliyejifungua huwekwa ndani na mtoto, mlango umefungwa, jiko linawaka. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu hufa wakiwa usingizini. Jiko liwashwe nje, lipashe chumba mlango ukiwa wazi, litolewe kabla ya kulala. Mtoto apate joto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Hapa mama mkwe awepo kikaoni. Yeye ndiye anayeliingiza jiko.

Ya kliniki ya wajawazito mnayajua: Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12. Huku mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa macho ya wabaya. Usibishane na hofu hiyo. Mwambie anaweza kwenda kimya kimya, kadi ikakaa ndani ya sanduku lake.

Saratani ya mlango wa kizazi ieleze kwa vitendo, hatua kwa hatua, maana wanachoogopa ni kile wasichokiona. Utapanda kitanda, utafunikwa, kifaa kitafungua njia, mhudumu atapaka siki maalumu na kusubiri kama dakika moja. Panapogeuka peupe panatazamwa zaidi. Wanaolengwa zaidi ni wenye miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU huanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi. Kwa mikoa yetu hilo ni zito, Njombe ikiwa na maambukizi ya juu kuliko mikoa yote nchini. Kwa mabinti, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Swali la ugumba litakuja. Jibu kwa ufupi kwamba haizuii kuzaa, kisha muulize aliyeuliza alilisikia wapi.

Kabla hawajaondoka

Dalili za hatari waziseme wao, wewe ongeza zilizosahaulika: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji kuvuja, mtoto kuacha kucheza. Kisha kila mjamzito ataje mbele ya jirani yake mtu atakayemsindikiza usiku, na nani atabaki na watoto. Namba 115 ya m-mama, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni ya bure. Waiandike kwenye simu hapo hapo, na asiye na simu iandike kwa kalamu kwenye kadi yake ya kliniki.

Ripoti yako iwe ukurasa mmoja, bila jina la mama yeyote. Andika maswali ya makopo na hesabu zake, jambo gani zahanati imeahidi, na nani hakufika. Nakala ya kwanza ni ya zahanati, ya pili ya mtendaji, ya tatu ndiyo yangu. Na kabla hujapanda gari kurudi Mbeya, muombe mwenyekiti wa VICOBA tarehe ya mwezi ujao, uingie tena na makopo yale yale na swali lile lile la nauli.